Matembezi ya Wakati wa Theluji: Kutoka Winteregg mpaka Gimmelwald

Wengi wetu tusikiapo habari za Ulaya huwaza miji mikubwa, viwanda, meli, na barabara zilizojaa motokaa usiku na mchana. Mawazo hayo si ya uongo, lakini hayakutimia. Ulaya ina wakulima wake pia, na baadhi yao hukaa mahali penye shida kuliko tunavyodhani: juu milimani, katika mashamba yaliyoinama kama paa la nyumba, ambako ardhi hulala chini ya theluji miezi mingi kila mwaka.

Leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu katika matembezi mafupi baina ya vijiji vya namna hiyo, katika nchi ya Uswisi, wakati wa baridi. Si safari ya mashujaa wapandao majabali kwa kamba. Ni mwendo wa saa mbili tu, ambao mzee mwenye bakora yake aweza kuumaliza pasipo kuhema. Lakini yeye atembeaye huku akitazama vema ataona jambo moja kubwa, nalo ni hili: wepesi wa njia ile haukushuka kutoka mbinguni. Watu waliutengeneza, tena kwa muda wa miaka mingi, na wengi wao ni wakulima wafugao ng'ombe.

MAHALI PENYEWE

Nchi ya Uswisi haina pwani, na sehemu yake kubwa ni milima iitwayo Alps. Katika jimbo la Bern liko bonde jembamba liitwalo Lauterbrunnen. Kuta za bonde hilo ni majabali yaliyosimama wima pande zote mbili, na maji huruka kutoka juu na kuanguka chini kwa kishindo. Poromoko moja, jina lake Staubbach, huanguka mita 297. Wakati wa baridi kali sehemu ya maji hayo huganda yakawa barafu, ikaning'inia jabalini kama mapazia meupe.

Juu ya ukuta wa magharibi wa bonde hilo pana nafasi iliyo kama baraza ya nyumba: nyuma yake mlima, na mbele yake genge. Katika baraza hiyo ndipo vilipojengwa vijiji vyetu viwili. Mürren uko mita 1,638 juu ya bahari, na Gimmelwald uko chini kidogo, yapata mita 1,360.

Msomaji wa Kenya atastaajabu kusikia kwamba kimo cha Mürren ni karibu sawa na kimo cha Nairobi. Mbona basi huko kuna theluji, na Nairobi watu hupanda mahindi na maharagwe? Sababu ni jua. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua letu la adhuhuri hupita karibu na utosi. Vijiji hivi viko mbali sana kaskazini, na mwezi wa Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya digrii 20 hivi juu ya upeo wa nchi. Hupita pembeni mwa mbingu kama mgeni mwenye haraka. Mchana wenyewe ni wa saa 8 na nusu tu, na jua hukawia kutokea kwa sababu milima mirefu hulizuia.

Hakuna barabara ya motokaa iwafikishayo wageni Mürren. Mtu huacha motokaa yake bondeni. Kutoka stesheni ya Lauterbrunnen huingia katika chumba kinachoning'inia kwenye kamba nene za chuma, nacho humpandisha juu ya genge kwa dakika chache mpaka Grütschalp. Hapo hungojewa na gari dogo la reli liendalo kwa umeme, ambalo hupita ukingoni mwa mlima mpaka Mürren. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1891. Zamani hata sehemu ya kwanza ya safari, ile ya kupanda genge, ilikuwa ya reli iliyovutwa kwa kamba. Lakini ardhi iliyoishika ilikuwa ikisogea, na mwaka 2006 iliondolewa, ikawekwa kamba ya angani mahali pake.

Sisi hatutafika Mürren kwa gari. Tutashuka katika stesheni ndogo ya Winteregg, mita 1,578 juu ya bahari, tukaanze kwenda kwa miguu.

NJIA INAYOANZA WINTEREGG

Jambo la kwanza kuangalia ni kibao. Katika Uswisi vibao vya njia za miguu za wakati wa kiangazi ni vya rangi ya manjano. Vile vya njia za wakati wa theluji ni vya rangi ya waridi iliyokoza, ili viweze kuonekana katika weupe ule, na ili mtu asipotee akafuata njia ya kiangazi ambayo sasa imefunikwa. Mwenye kufuata kibao cha waridi aweza kuwa na moyo mkunjufu: maana yake ni kwamba njia ile imechaguliwa mahali pasipo na hatari kubwa, na kwamba yuko mtu mwenye wajibu wa kuitengeneza na kuifunga ikiwa hali ya hewa imeharibika.

Tena njia yenyewe imeshindiliwa. Theluji inayoanguka usiku ni laini kama pamba iliyochambuliwa, na mtu akiikanyaga huzama mpaka magotini, pengine mpaka kiunoni. Kwa hiyo mashine yenye minyororo mipana hupita mapema ikaikandamiza, na mguu hupata mahali pa kusimama. Penye barafu humwagwa changarawe. Kila asubuhi baada ya theluji kuanguka, kazi huanza upya.

Mkono wa kuume ni mteremko wenye miti ya misonobari, matawi yakiwa yameinamishwa na uzito wa theluji. Mkono wa kushoto ni bonde, na ng'ambo ya bonde imesimama milima mitatu yenye sifa kubwa: Eiger wenye mita 3,967, Mönch wenye mita 4,110, na Jungfrau wenye mita 4,158. Jina la Mönch maana yake ni Mtawa, na Jungfrau maana yake ni Mwanamwali. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ni mrefu kuliko yote mitatu. Ila hiyo ya Uswisi iko karibu sana na njia, hata mtu hudhani kwamba akinyosha mkono ataigusa.

Siku nyingine mtembeaji huona ajabu nyingine. Bondeni chini watu wamo katika ukungu na baridi kavu, na huku juu jua lang'aa. Sababu yake ni kwamba hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Siku zisizo na upepo hushuka ikajikusanya mabondeni kama maji katika bakuli, na ukungu hukaa ndani yake. Aliye juu hutazama chini akaona bahari nyeupe ya mawingu, na vilele vya milima vikitokeza kama visiwa.

Wanaopishana njiani husalimiana. Mjini mtu aweza kupita watu mia bila kufungua kinywa, lakini njiani milimani kunyamaza ni kukosa adabu. Katika jimbo la Bern salamu ni "Grüessech", na mgeni akiitamka kwa kombo hapana atakayemcheka. Atajibiwa kwa furaha. Katika jambo hili wakulima wa Alps na wazee wetu wangepatana mara moja.

KIMYA CHA THELUJI

Mtu atokaye mjini hushtuka kidogo kwa kimya cha mahali hapo. Hapana honi, hapana kelele za magurudumu, na hata nyayo za mwenzako husikika kwa shida. Wengine hudhani kwamba ni mawazo yao tu, lakini jambo hili lina sababu yake. Theluji iliyoanguka karibuni si kitu kigumu. Sehemu kubwa yake ni hewa iliyoshikwa baina ya vipande vidogo vya barafu. Sauti ikifika hapo hairudishwi kama inavyorudishwa na ukuta wa mawe; huingia katika vitundu vile ikapotea.

Hewa hiyo hiyo ndiyo iifanyayo theluji kuwa blanketi. Nyasi zilizo chini yake hazipatwi na baridi kali ya usiku iliyo juu. Basi yale majani ambayo ng'ombe watakula mwaka ujao yamelala salama chini ya miguu ya mtembeaji, yakingojea mwezi wa Mei.

Lakini yafaa tujihadhari tusichanganye kimya na uvivu. Mtu apitaye asiyejua atasema, "Tazama watu hawa, wamejifungia ndani wakingojea jua." Atakuwa amekosea. Kila kitu kilichotulia katika kijiji cha milimani wakati wa baridi kimetulia kwa sababu kazi yake ilikwisha fanywa kabla.

MÜRREN, KIJIJI KILICHOPATA MSIMU WA PILI

Baada ya muda usiotimia saa moja, nyumba za Mürren hutokea. Nyumba za kale ni za mbao, zilizopigwa na jua miaka mingi mpaka zikawa za rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kuni zimepangwa ukutani kwa unadhifu mwingi, kila kipande sawa na mwenzake. Njia za kijijini ni nyembamba, na mizigo mingi huvutwa kwa sleji au hubebwa na vigari vidogo.

Kwa miaka mingi wageni walikuja Mürren wakati wa kiangazi tu. Ilipofika baridi hoteli zilifungwa na reli ikasimama. Jambo hilo liligeuka katika majira ya baridi ya 1910 na 1911, wakati Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kupeleka wasafiri, Sir Henry Lunn, alipopatana na watu wa huko kwamba hoteli na reli zifanye kazi wakati wa theluji pia. Mwanawe, Arnold Lunn, alipenda mno mchezo wa kuteleza juu ya vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Mwaka 1922 aliweka huko Mürren mashindano ya namna mpya ya mchezo huo, ya kupita kwa kupinda baina ya vijiti vilivyosimamishwa mteremkoni, ambayo sasa hufanywa dunia nzima. Mwaka 1931 mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteleza mteremkoni yalifanyika Mürren.

Tunaeleza habari hizi kwa sababu zina maana kwa mkulima. Kabla ya hapo theluji ilikuwa hasara tupu. Ilifunga njia, ikafunga mashamba, ikamla mtu akiba yake. Sasa yule mkulima ambaye wakati wa kiangazi hukata majani aweza wakati wa baridi kuendesha mashine ya kushindilia njia, au kufanya kazi katika reli, au kufundisha wageni kuteleza, au kupangisha vyumba viwili vya nyumba yake. Hakuacha ng'ombe wake. Ameongeza kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, na kwa kazi hizo mbili aweza kukaa katika nchi ya baba zake.

KUSHUKA MPAKA GIMMELWALD

Kutoka Mürren mpaka Gimmelwald njia hushuka mita 275 hivi, na mtu asiye na haraka huimaliza kwa dakika 40 au zaidi kidogo. Hapa yampasa mtembeaji asikilize nyuma yake, kwa kuwa watoto, na watu wazima pia, hushuka kwa sleji kwa mwendo mkali, na njia ni yao kama ilivyo yake. Apishe pembeni, asalimu, aendelee.

Gimmelwald ni kijiji kidogo. Wakazi wake ni watu mia moja na ushei. Hakina hoteli kubwa wala maduka ya fahari. Ukipita karibu na mazizi utasikia harufu ya ng'ombe na majani makavu, na ukisimama kimya utasikia minyororo ikigongana na ng'ombe wakitafuna. Ng'ombe hawatoki nje kulisha wakati huu. Hakuna cha kulisha. Wamo ndani tangu masika ya theluji ya kwanza, na watakaa mpaka nyasi mpya ziote.

Hebu tupige hesabu. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hula yapata kilo 15 za majani makavu kila siku. Akikaa zizini siku 200, ni kilo 3,000, yaani tani 3 kwa ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe 10 ahitaji tani 30. Majani yote hayo hukatwa wakati wa kiangazi kifupi, mahali pengi kwa mashine ndogo inayosukumwa kwa mikono, na penye mteremko mkali zaidi kwa mundu mrefu, kwa sababu trekta ingebingirika. Hukaushwa juani, hugeuzwa, hukusanywa kwa reki, kisha hubebwa mpaka ghalani kabla mvua haijanyesha. Mvua ikiwahi, majani yaoza. Kwa hiyo siku jua liwakapo, wake kwa waume, wazee kwa watoto, wote wamo mteremkoni. Wazee wetu walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Huko Gimmelwald mchumia juani hulia thelujini, na ng'ombe wake hula pamoja naye.

SHERIA YA MWAKA 1517

Watu wa kwanza wa Gimmelwald na Mürren hawakutoka bondeni chini. Yapata mwaka 1300 walivuka milima kutoka upande wa kusini, bonde la Lötschental katika jimbo la Valais, wakaja kufyeka na kujenga. Walikuwa wazoefu wa kukaa mahali pa juu, na waliijua hesabu ya baridi.

Katika jimbo hilo la Valais kiko kijiji kingine, Törbel, ambacho hati zake za zamani zimehifadhiwa. Hati moja ya mwaka 1517 yaeleza sheria moja fupi juu ya malisho ya juu, ambayo ni mali ya wanakijiji wote kwa pamoja. Sheria yenyewe ni kwamba mtu haruhusiwi kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi.

Mtu akiifikiri sheria hiyo ataona hekima yake. Malisho ya shirika huwa na adui mmoja, naye ni tamaa. Kila mtu hujiambia, "Nikiongeza ng'ombe mmoja, faida ni yangu peke yangu, na hasara ni yetu sote." Wakisema hivyo wote, nyasi hukwisha, udongo hupeperuka, na hapana anayebaki na kitu. Watu wa Törbel hawakuhitaji hakimu wa kuhesabu nyasi. Walifanya baridi kuwa hakimu. Asiyekuwa na majani ghalani hakuwa na haki mlimani, hata angekuwa tajiri mwenye fedha za kununua ng'ombe mia.

Mwanachuoni wa Marekani, Bibi Elinor Ostrom, aliitumia Törbel kuwa mfano mmoja katika kitabu chake cha mwaka 1990, alichokitoa ili kuonyesha kwamba watu wa kijiji waweza kutunza mali ya shirika wao wenyewe wakiwa na sheria zilizo wazi na watu wa kuzisimamia. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Wakulima wa Alps walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo miaka mingi kabla ya wanachuoni kuliandika.

MSITU ULINDAO NYUMBA

Ukisimama Gimmelwald ukainua macho utaona misonobari mteremkoni. Mgeni atauona msitu kama pambo. Mwenyeji auona kama ukuta.

Hatari kubwa ya milima hii wakati wa baridi ni maporomoko ya theluji. Theluji ikijazana juu ya mteremko wenye digrii 30 au zaidi, tabaka la juu laweza kukatika ghafula likashuka kwa kasi kubwa mno, likivunja miti, nyumba na kila kilicho mbele yake. Katika majira ya baridi ya 1950 na 1951 maporomoko ya namna hiyo yaliua watu 98 katika nchi ya Uswisi.

Miti husaidia kwa namna mbili. Mashina hushikilia theluji mahali pake kama misumari. Tena matawi hukamata theluji inapoanguka na kuidondosha kidogo kidogo, hata isiweze kulala chini kama shuka moja lililo tayari kuteleza. Watu waliyajua haya zamani. Katika mwaka 1397 watu wa Andermatt walikwisha kuweka amri ya kukataza mtu kuugusa msitu ulio juu ya kijiji chao.

Hata hivyo, mahali pengi tamaa ilishinda. Katika karne ya 19 misitu ya milimani ilikatwa mno kwa ajili ya kuni, makaa na mbao, na mafuriko yakafuata. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1868 watu wengi waliamka, na mwaka 1876 Serikali ya Uswisi ilitoa sheria ya misitu ya milimani, yenye shina moja: eneo la msitu lisipunguzwe. Leo misitu imefunika karibu theluthi moja ya nchi hiyo, na sehemu kubwa yake huhesabiwa kuwa misitu ya kulinda watu, barabara na reli.

Miti haitoshi peke yake. Poromoko lililoanza juu kabisa, mahali pasipoota miti, laweza kuupita msitu. Kwa hiyo huko juu husimamishwa viunzi vya chuma, na ramani hufanywa kuonyesha mahali ambapo ni marufuku kujenga nyumba. Tena tangu mwaka 1945 taasisi iliyoko Davos, ifanyayo uchunguzi wa theluji, hutoa taarifa kwa watu wote juu ya hatari ya maporomoko, ambayo sasa hupimwa kwa daraja tano, ya kwanza ikiwa hatari ndogo na ya tano ikiwa kubwa kabisa.

Jambo moja zaidi litamfurahisha mkulima. Majani yasiyokatwa wakati wa kiangazi hurefuka, yakalala chini, na theluji huteleza juu yake kama juu ya mkeka uliopakwa mafuta. Mteremko uliokatwa majani huishika theluji vema zaidi. Basi yule mtu aliyetoka jasho mwezi wa Julai akikata majani ya ng'ombe wake, bila kusema neno alikuwa akiilinda njia ambayo sisi twaipita mwezi wa Januari.

JE, KIJIJI KITAISHI?

Tusidanganyane kwamba mambo yote huko ni mema. Kijana wa Gimmelwald naye huona taa za mjini. Kazi ya ofisini huko Bern au Zürich ina mshahara mwema, na haimwamshi mtu usiku ng'ombe akizaa. Mahali pengi katika Alps vijiji vimepungukiwa na watu, na mashamba yasiyotunzwa yamegeuka vichaka.

Waswisi wameliona jambo hili kuwa la taifa zima. Mwezi wa Juni 1996 walipiga kura wakatia katika katiba yao maneno juu ya kilimo. Maneno hayo hayataki chakula peke yake kutoka kwa mkulima. Yataka pia autunze uzuri wa nchi na rutuba yake, na asaidie watu wakae katika sehemu zote za nchi, wasijazane mahali pamoja. Kwa ajili ya kazi hiyo Serikali humlipa, na mwenye kukata majani katika mteremko mkali hulipwa zaidi. Wako wanaonung'unika kwamba fedha hizo ni nyingi. Wengine hujibu kwamba kulipa mkulima ni rahisi kuliko kuzoa maporomoko.

Hatari ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Matajiri wa mijini hupenda kununua nyumba milimani, wakakaa wiki tatu kwa mwaka na kuacha madirisha yamefungwa wiki zote zilizobaki. Nyumba ni nyingi, watu hapana, na bei hupanda mpaka mtoto wa kijiji akose mahali pa kujenga. Mwezi wa Machi 2012 wananchi walipiga kura tena, wakaamua kwamba katika kila halmashauri nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20.

Hatari ya tatu hakuna halmashauri iwezayo kuipigia kura peke yake. Hewa ya dunia inapata joto. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya barafu yake. Mahali pa chini theluji imekuwa haba. Kijiji kilichojifunza kuishi kwa kiangazi na theluji pamoja kina sababu ya kuangalia mbingu kwa mashaka.

SHAURI KWA ATAKAYEKWENDA

Kama msomaji wetu, au mwanawe aliyeko masomoni Ulaya, atapata nafasi ya kwenda huko, na ashike haya machache. Avae nguo nyingi nyembamba, moja juu ya moja, kuliko koti moja zito. Akipata joto apunguze, akisimama aongeze. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Achukue miwani myeusi, kwa kuwa theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na macho yasiyofunikwa huumia. Aanze mapema, maana katika Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na mbili za jioni. Asome taarifa ya hatari ya theluji kabla ya kutoka. Akikuta njia imefungwa kwa kamba au kibao, arudi, hata kama aona kwa macho yake kwamba ni nyeupe na tulivu. Theluji inayoua huwa nyeupe na tulivu vilevile.

Naye afikapo Gimmelwald, kabla ya kupanda chumba cha kamba kurudi bondeni, asimame kidogo karibu na zizi. Hapo ndipo zilipo hesabu zote za matembezi yake: ghala lililojaa, ng'ombe waliohesabiwa, msitu usioguswa, na njia iliyoshindiliwa tangu alfajiri. Mgeni hupita saa mbili akasema njia ni rahisi. Wenyeji wameifanya iwe rahisi kwa miaka mia saba, na kesho, theluji ikianguka usiku, wataifanya tena.